Mtunzi Asiyetaka Kuguswa

Imezuka tabia miongoni mwa ndugu zetu watunzi, ambayo nimeivumilia kitambo nikidhani ni homa ya vipindi, nayo ni hii ya mtu kulitia shairi lake katika bahasha, akalibandikia stempu kwa fedha yake mwenyewe, akalipeleka gazetini lisomwe na kadamnasi, kisha msomaji mmoja akitokea na kusema kwamba ubeti wa tatu umepinda, mtunzi huwaka akafoka kana kwamba ametukaniwa wazazi. Nani alimlazimisha? Shairi lililofungiwa sandukuni halina mkosoaji, wala halina msomaji. Mficha uchi hazai, nasi twawashukuru waliokubali kuzaa. Lakini aliyemleta mwana barazani asikasirike akiambiwa kwamba mwana ana makamasi.

Na nisidhaniwe kuwa napiga ramli. Yuko bwana mmoja, jina nalistahi, aliyefungua shairi lake kwa kipande hiki: *Mtu mwema ndiye hazina*. Maana yake ni njema, na hakuna mwenye dini atakayeipinga. Lakini hesabu kwa vidole, ee msomaji: m, tu, mwe, ma, ndi, ye, ha, zi, na. Mizani tisa mahali pa nane! Msomaji wa mji mwingine, mtu wa adabu aliyetanguliza salamu na kuomba radhi, akaandika kwamba ile *m* ya *mtu* ina mizani yake kamili, na kwamba lau mtunzi angesema *Mtu mwema ni hazina*, kipande kingekaa sawa na maana isingepotea hata chembe. Ilistahili ajibiwe nini isipokuwa ahsante? Badala yake zikamshukia beti saba za moto, zikimwuliza kabila lake, na chuo alichosomea, na kama babake aliwahi kushika kalamu. Katika beti zote saba, juu ya ile *m* hapakuwa na neno.

Ajabu ni kwamba watu hao hao ndio wanaojigamba kufuata nyayo za wakale. Wakale gani? Muyaka bin Haji wa Mvita, yaani Mombasa, ambaye hakuna mtunzi wa leo asiyemtaja, aliishi katika kujibizana: Mvita na Lamu zilipokuwa na uhasama, mashairi yalikwenda na kurudi baina ya miji hiyo miwili, na aliyefumba alijua wazi kwamba ng’ambo ya pili yuko atakayefumbua, na atakayemrudishia. Hakuyapiga chapa mashairi yake. Yalikaa vifuani mwa watu mpaka Mwalimu Sikujua wa Mombasa na padri Taylor walipoyakusanya, na diwani yenyewe ikatoka mwaka 1940, yapata miaka 100 tangu alipofariki. Nauliza: yangekaaje vifuani muda wote huo kama yangekuwa ya kusikilizwa kwa heshima na kimya, bila mtu kuyapinga, kuyapima na kuyajibu? Naye Sheikh Amri Abedi, alipotuandikia *Sheria za Kutunga Mashairi* zilizotoka mwaka 1954, alijitaabisha kwa ajili gani kama si kutupa sote kipimo kimoja, mkubwa na mdogo, ili tukishindana tushindane juu ya vina na mizani, tuiache nasaba ya mtu katika kaburi la babu yake? Asiyekubali kushindwa si mshindani.

Wala sisemi haya kwa kuwadharau watunzi wetu, hasha. Najua mnatunga baada ya kazi ya mchana kutwa, kwa mwanga wa kibatari, bila ujira wala tumaini la ujira, na kwamba lugha yetu ingekuwa maskini leo kama makarani na walimu wangengoja wapate faragha ya wafalme. Shaaban Robert mwenyewe alikuwa karani wa forodha. Ndiyo sababu yaniuma. Mtu aliyejinyima usingizi kwa ajili ya beti sita hastahili kudanganywa na rafiki zake, ambao humsifu kila neno kwa kuwa wameinywa kahawa yake, wala hawamwambii kwamba amelipatanisha *akili* na *habari* akadhani ni vina. Mchelea mwana kulia hulia yeye. Tumefundishwa tangu chuoni kuwa muumini ni kioo cha nduguye, na sijapata kumwona mwenye busara akivunja kioo kwa sababu kimemwonyesha tongo.

Wako pia wakosoaji wenye sumu, wanaotafuta kosa la mtu ili wamwaibishe, nao ukiwagusa hulia kuliko wote: mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu. Hao wanajulikana, na dawa yao ni kunyamaziwa.

Na maadamu nimeishika kalamu, kuna jambo jingine siwezi kulimeza. Tangu enzi za gazeti la *Mambo Leo*, lililoanza mwaka 1923, magazeti yetu yamewatengea watunzi nafasi, na nafasi yenyewe ni finyu kama kila mtu aonavyo. Basi mtunzi huanza ubeti wa kwanza kwa kumwomba mhariri ampokee, wa pili kumsihi asimtupe kapuni, wa tatu kuwasalimu wasomaji wa bara na wa pwani, wa nne kuomba uzima wa kusema atakayoyasema, na hapo bado hajayasema. Mhariri akiona ukurasa unamwishia hukata chini, na huko chini ndiko maana ilikokuwa imewekwa. Wiki ya pili bwana mtunzi yumo tena gazetini, analalamika kuwa amedhulumiwa, na malalamiko yenyewe yanaanza kwa beti mbili za salamu.