Zana duni za wachimbaji dhahabu zinavyowatajirisha wengine

MAELFU ya Wakenya wanaotegemea machimbo ya dhahabu katika kaunti za Migori, Kakamega na Siaya huamkia kazi hiyo wakiwa na zana ambazo hazikutoka katika kiwanda chochote cha vifaa vya uchimbaji.

Patasi ya kupasulia mwamba hufuliwa na fundi wa jua kali kutokana na springi ya gari kuukuu. Karai la kuoshea mchanga ni lile lile la mwashi. Mfereji wa kuchujia huundwa kwa mbao chache na kutandikwa kipande cha zulia au gunia. Kinu cha kusagia mawe ni pipa la chuma lenye gololi ndani, linalozungushwa kwa injini ya dizeli.

Wahenga walisema kuwa mchagua jembe si mkulima. Ubunifu wa wachimbaji hawa na mafundi wao unastahili sifa, kwa kuwa umewalisha watoto na kuwalipia karo bila msaada wa benki wala serikali.

Hata hivyo, methali hiyo haifai sana katika machimbo ya dhahabu. Huko, zana ndiyo huamua ni kiasi gani cha madini kitakachomfikia aliyetoa jasho, na ni kiasi gani kitakachobaki kwenye mchanga ili mtu mwingine aje akichukue.

Sababu yake inaeleweka kwa urahisi. Dhahabu ina uzito wa takriban mara 19 ya maji, ilhali mchanga wa kawaida haufikii hata mara tatu. Karai likitikiswa ndani ya maji, dhahabu huzama na mchanga hutoka. Mfereji wenye zulia nao hufanya kazi kwa kanuni hiyo hiyo.

Shida huanza pale dhahabu inapokuwa imejificha ndani ya mwamba, kama ilivyo katika sehemu nyingi za magharibi mwa nchi. Jiwe lisiposagwa vya kutosha, chembe hubaki limefungiwa ndani. Likisagwa kupita kiasi, chembe huwa nyepesi kama unga na kuchukuliwa na maji.

Mfereji nao una masharti yake. Ukiinamishwa mno, maji hukimbia na dhahabu. Ukilazwa sana, mchanga huganda juu ya zulia na chembe hukosa pa kushika. Zulia lisipooshwa mara kwa mara ndani ya ndoo, hujaa na kuacha kunasa chochote.

Haya ni mambo ya vipimo wala si ya fedha nyingi. Ubao ulionyooka, chekeche la kutenganisha mchanga mnene na mwembamba, pamoja na mafunzo ya siku chache, vinaweza kumwongezea mchimbaji mapato bila yeye kuchimba hata futi moja zaidi.

Kwa kukosa maarifa hayo, wengi hukimbilia zebaki. Madini hayo ya majimaji hushikamana na dhahabu na kufanya donge, kisha donge huchomwa juu ya moto ili zebaki iondoke. Zebaki huchemka kwenye nyuzi 357 hivi, na mvuke wake huvutwa na anayechoma pamoja na walio karibu naye, aghalabu wanawake na watoto.

Ile inayomwagika huingia mitoni. Mto Migori huungana na Mto Kuja, ambao maji yake huishia Ziwa Victoria. Ndani ya maji, vijidudu huigeuza zebaki kuwa sumu kali zaidi inayojikusanya katika samaki na kudhuru ubongo wa mtoto angali tumboni mwa mamaye. Japani ilijifunza hayo kwa uchungu katika mji wa Minamata, ambako ugonjwa huo ulitambuliwa rasmi mwaka 1956.

Cha kusikitisha zaidi ni kwamba sumu hiyo haimpi mchimbaji dhahabu yake yote. Mara nyingi zaidi ya nusu ya madini hubaki katika makapi. Katika machimbo mengi, makapi hayo huwa ya mwenye kinu, ambaye baadaye huyauza au kuyapeleka kwenye mitambo inayotumia sayanaidi kutoa dhahabu iliyosalia.

Kwa maneno mengine, mchimbaji hulipa ili asagiwe mawe, kisha huacha nyuma sehemu kubwa ya alichokitafuta. Uduni wa zana yake ni faida ya mwenzake.

Historia ya Kakamega inaonyesha kwamba hali hii si ngeni. Dhahabu ilipogunduliwa huko mwaka 1931, walowezi walimiminika kwa wingi. Mwaka 1932 serikali ya kikoloni ilirekebisha sheria iliyokuwa imepitishwa miaka miwili tu awali kulinda ardhi ya Waafrika, ili ardhi yenye madini iweze kutwaliwa bila wenyeji kupewa nyingine badala yake. Mgodi wa Rosterman ulifungwa mwaka 1952, na tangu hapo wenyeji wamekuwa wakifukua kilichoachwa, kwa mikono.

Sheria ya Uchimbaji Madini ya mwaka 2016, iliyochukua nafasi ya ile ya 1940, ilileta matumaini. Iliwatambua wachimbaji wadogo, ikaweka vibali vyao na kamati za kushughulikia maslahi yao katika kaunti. Aidha, iligawa mrabaha ili asilimia 70 iende kwa serikali kuu, 20 kwa kaunti na 10 kwa jamii.

Lakini sheria hiyo inamfafanua mchimbaji huyo kuwa anayetumia njia na mbinu za kiasili na za kimila. Swali linalozuka ni hili: je, mchimbaji akiboresha zana zake, atabaki katika kundi hilo la vibali nafuu, ama atasukumwa katika ngazi yenye masharti mazito zaidi? Sheria inayomtambua mtu kwa uduni wa vifaa vyake inaweza kumfanya auogope ufanisi.

Serikali nayo imezoea kuchukua hatua baada ya maafa. Mgodi wa Abimbo, Siaya, uliporomoka Desemba 2021. Mei 2024 watu watano walifariki katika machimbo ya Hillo, Marsabit, na amri ya kuyafunga ikatolewa. Kufunga kunaweza kuokoa maisha kwa muda, lakini njaa haifungwi kwa amri. Mchimbaji hurejea usiku, akiwa na zana zile zile na bila mtu wa kumwangalia.

Kuna wanaohoji kuwa kuboresha zana ni kuhalalisha uchimbaji haramu. Hoja hiyo ina uzito pale ambapo watoto wanatumiwa au ardhi ya wengine inavamiwa. Hata hivyo, haielezi ni kwa nini mwenye kibali aendelee kuvuta mvuke wa zebaki.

Mkataba wa Minamata, ambao Kenya ilitia saini mwaka 2013, unazitaka nchi kukomesha uchomaji wa zebaki hadharani na katika makazi ya watu. Chombo cha kunasa mvuke huo kinaweza kutengenezwa na fundi yeyote wa kuchomelea vyuma: kikombe cha chuma chenye kifuniko kinachobana, na bomba linalopitishwa kwenye maji baridi. Zebaki hurudi kuwa majimaji na kutumika tena.

Tatizo ni kwamba wachimbaji wengi hawakiamini chombo kinachowafichia dhahabu yao, na mnunuzi huwa amesimama pale akisubiri. Ndiyo maana chuma peke yake hakitoshi. Elimu lazima iandamane na soko la haki. Tanzania ilianza kufungua masoko rasmi ya madini mwaka 2019, likiwemo la Geita, ili mchimbaji mdogo asibaki mikononi mwa madalali.

Katika milima ya Benguet nchini Ufilipino, wachimbaji wadogo wametumia boraksi kwa miongo kadhaa kuyeyushia dhahabu waliyoiosha vyema, pasipo kugusa zebaki. Siri yao ni uoshaji makini unaotangulia moto.

Kaunti zenye dhahabu zina vyuo vya kiufundi na mafundi wa jua kali waliobobea. Zikiwakutanisha hao na vyama vya wachimbaji, wakapima mifereji, wakatengeneza vyombo vya kunasa mvuke na kuwafunza kina mama kulowesha mawe kabla ya kuyaponda ili wasivute vumbi linaloharibu mapafu, gharama itakuwa ndogo kuliko ile ya kufukua miili.

Muhimu zaidi, vyama hivyo visaidiwe kumiliki vinu vyao wenyewe. Mradi kinu kiko mikononi mwa mwingine, makapi nayo yatabaki kuwa yake, na dhahabu iliyomo ndani yake.