Acheni Dawa, Pumzisheni Mahindi

Nauza dawa za mimea Bomet, upande wa Longisa, kwa hiyo maneno haya yatanipunguzia mauzo: kwa vithiripi wa mahindi, chupa ya dawa si jibu.

Mkulima huingia dukani na mche ndani ya mfuko, majani yana madoa ya manjano na yamekauka kuanzia pembeni. "Mama, nipatie kitu kikali." Mimi huukung'uta moyo wa mche juu ya karatasi nyeupe. Hapo ndipo wanapoonekana: wadudu wembamba wa manjano, urefu wa milimita moja hivi, wanatambaa wakitafuta pa kujificha. Walikuwa wamejibana kwenye majani yaliyojikunja, ambako pampu ya mgongoni haifiki vizuri. Mayai yao yamo ndani ya jani lenyewe, na wengine wako udongoni wakingoja kuota mabawa. Piga dawa leo. Baada ya siku chache utakuta wapya.

Kufyonzwa peke yake mahindi yangestahimili. Balaa ni kirusi. Ugonjwa hatari wa mahindi uitwao MLN (Maize Lethal Necrosis) ulionekana Kenya mara ya kwanza hapa hapa Bomet, Septemba 2011: kirusi kinachoenezwa na vithiripi na mbawakawa kilikutana na kingine cha vidukari, mashamba yakakauka, magunzi yakabaki na punje za kuhesabu. Mwaka uliofuata ulikuwa umeingia Tanzania na Uganda. Mmea ukishaugua hauponi, hata ukinilipa mara mbili.

Wataalamu walishasema: angalau miezi miwili bila mahindi shambani, mpande viazi au maharagwe. Sawa, lakini kila mtu anapumzisha kivyake. Ekari yako imelala, na jirani kando ya mto ana mahindi mabichi mwaka mzima. Upepo ukivuma, wadudu wake ni wako. Simlaumu. Mahindi ya kuchoma ndiyo karo ya watoto wake, na hakuna aliyemwonyesha pengine pa kuitoa.

Basi tarehe za kutopanda zitangazwe kwenye baraza la chifu, ziwe za lokesheni nzima, si za mwenye kupenda. Na kaunti impe huyo wa kando ya mto mbegu ya maharagwe kabla hajaambiwa ang'oe chochote. Mbegu ya mahindi stahimilivu ninayo na inasaidia, ila kuiita kinga, kama wanavyoiita baadhi ya wauzaji wenzangu, ni kumdanganya mteja.