Asili ya Maneno: Vitenzi Vidogo vya Kiingereza na Safari Zake



Katika ukurasa huu tumezoea kuyachungua maneno, kuuliza yalikotoka na jinsi maana zake zilivyogeuka. Mwezi huu tuyatazame maneno ya kutenda ya lugha ya Kiingereza, ambayo walimu huyaita vitenzi. Wala hatutatazama yale marefu na magumu, bali yale madogo ambayo mtoto hufundishwa kabla ya mengine: kutaka, kuacha, kuchukua, kulipa, kwenda, kuandika.

Labda mtu atauliza, Kuna faida gani kulichungua neno ambalo kila mtu analijua? Faida ni hii. Neno gumu humsimamisha msomaji, naye hufungua kamusi au humwuliza mwalimu. Lakini neno alilolizoea hulipita bila kulitazama, na hapo ndipo adanganyikapo. Wahenga walisema, Kikulacho ki nguoni mwako. Tena katika nyumba nyingi yuko mmoja asomaye barua, vitabu na hati kwa niaba ya wengine, nao wazee hukaa kimya wakimsikiliza. Huyo akikosea, kosa halikai kwake peke yake, huingia masikioni mwa wote.

Tuanze na neno "want". Mtoto yeyote wa shule atakuambia ya kuwa maana yake ni kutaka, naye amesema kweli kwa Kiingereza cha siku hizi. Lakini neno hili lilifika Uingereza pamoja na watu wa Denmaki na Norwei, na kwao maana yake ilikuwa kukosa, au kupungukiwa. Waingereza nao walilitumia hivyo kwa karne nyingi. Ndivyo lilivyo mwanzoni mwa Zaburi ya 23, katika Biblia ya Kiingereza iliyopigwa chapa mwaka 1611. Mtu aliyejifunza Kiingereza cha leo tu aweza kuisoma Zaburi ile akadhani ya kuwa mwimbaji anamkataa Mchungaji wake! Kumbe asema kwamba hatapungukiwa, kama tuijuavyo wenyewe katika Kiswahili. Wala si ajabu maana kuhama hivyo. Mtu aliyepungukiwa na chakula hukitaka chakula. Upungufu ukazaa haja, na haja ikazaa kutaka. Hata sisi twasema "nina haja nawe", na asikiaye hawezi kutenganisha kukosa na kutaka ndani ya neno lile moja.

Neno la pili ni "let". Leo maana yake ni kuruhusu, kuacha jambo lifanyike. Lakini zamani Waingereza walikuwa na vitenzi viwili vilivyokaribiana kwa sauti, kimoja cha kuacha na kingine cha kuzuia. Miaka ilipopita sauti zake zikawa moja, hata neno lile lile likabeba kuruhusu na kuzuia pia. Katika Waraka kwa Warumi, sura ya 1, Mtume Paulo awaeleza ya kuwa mara nyingi alikusudia kwenda kwao, akazuiwa. Biblia ile ya mwaka 1611 yatumia hapo "let". Msomaji asiye na habari atasema ya kuwa Paulo aliruhusiwa, na maana yote imepinduliwa juu chini.

Kadhalika neno "prevent". Leo ni kuzuia jambo lisitokee, lakini asili yake ni Kilatini, na maana yake ni kuja mbele, kutangulia. Katika Waraka wa kwanza kwa Wathesalonike, sura ya 4, palipo habari za walio hai kutowatangulia waliokufa, Biblia ile ya kale ilitumia neno hilo. Wale waliolisahihisha Agano Jipya la Kiingereza mwaka 1881 waliyaondoa maneno haya mawili mahali hapo, wakaweka mengine yasiyo na mashaka. Hawakubadili habari yenyewe. Maneno ndiyo yaliyokuwa yamehama, nao wakayafuata. Lakini "let" ya kuzuia haikufa kabisa. Hata leo imo katika pasi ya kusafiria ya Uingereza, panapoombwa kwamba mwenye pasi apite bila kuzuiliwa.

Sasa tuulize, Maneno haya ya wageni yaliingiaje katika mazungumzo ya kila siku? Mwaka 793 watu wa kaskazini waliokuja kwa merikebu waliishambulia nyumba ya watawa ya Lindisfarne, wakaua na kuteka nyara. Vita viliendelea miaka mingi, hata mwaka 878 Mfalme Alfred alipomshinda Guthrum, mkuu wa Wadenmaki, huko Edington. Baada ya hayo walipatana, na wengi wa wageni wale wakakaa upande wa kaskazini na mashariki ya nchi, wakalima, wakafuga, wakaoa na kuozesha.

Ndipo maneno yalipochanganyika. Waingereza walikuwa na neno lao la kuchukua, "niman". Likasahauliwa, mahali pake likakaa neno la wageni, "take". Neno "get", yaani kupata, ni la wageni. Neno "call", kuita, ni lao pia. Neno "give", kutoa, Waingereza walikuwa nalo, lakini wengi wao walilitamka kwa sauti ya "y" mwanzoni. Sauti ya "g" tuisikiayo leo ni ya watu wa kaskazini. Na wataalamu wengi wasema ya kuwa hata "die", yaani kufa, ni neno la wageni hao. Neno la wenyeji lilikuwa "steorfan". Mgeni alipokwisha kukaa kitini, mwenyeji alisogea pembeni, maana yake ikapungua. Ndilo "starve" la siku hizi, ambalo ni kufa kwa njaa, au kuteswa na njaa.

Angalieni jambo hili, ndugu zangu. Kuchukua, kupata, kutoa, kuita, kufa: je, kuna maneno yaliyo karibu na mtu kuliko hayo? Nayo yametoka, yote au sehemu, kwa watu waliokuja kwanza kama adui. Upanga hauwezi kumfundisha mtu neno la kumwita mtoto wake. Maneno kama hayo hufundishwa kisimani, sokoni, na jikoni kwa mkwe. Kwa hiyo mtu asituambie ya kuwa lugha kubwa ni lugha isiyokopa.

Sisi Waswahili twalijua jambo hili katika nyumba yetu. Kusamehe, kujibu, kufikiri na kusafiri ni wageni kutoka Kiarabu, nao wamekaa kwetu hata hakuna awaonaye kuwa wageni. Lakini alama ipo. Vitenzi vya asili yetu huishia kwa "a", na tukikanusha mkia hugeuka: anapenda, hapendi, anasoma, hasomi. Wageni hawageuzi mkia: anasamehe, hasamehe, anasafiri, hasafiri.

Kiingereza nacho kina alama yake. Vitenzi vingi vya kale hugeuka tumboni vikitaja wakati uliopita: "sing" huwa "sang", "drink" huwa "drank", "come" huwa "came". Lakini wageni waliotoka Ufaransa hawakuzoea kugeuka tumbo. Wao hushikizwa mkia wa "d", kama vile "move", "serve", "enter" na "change". Wengi wa hao waliingia baada ya mwaka 1066, William wa Normandy alipoishinda Uingereza, na Kifaransa kikawa lugha ya wakuu na ya baraza. Na "take" je, mbona hugeuka tumboni kuwa "took", hali ni mgeni? Kwa sababu lugha ya watu wa kaskazini ilikuwa ndugu wa Kiingereza. Mgeni yule alikuwa binamu, desturi za nyumbani alizijua tangu kwao.

Miongoni mwa wageni wa Kifaransa limo neno "pay", kulipa. Asili yake ni neno la Kilatini la kutuliza, nalo limetokana na neno la amani. Anayedai ana hasira. Ukimpa haki yake, moyo wake hutulia. Mswahili alifika pale pale kwa njia yake mwenyewe, aliposema, Dawa ya deni ni kulipa.

Lakini tusipotezwe na utamu wa asili. Asili yatuambia neno lilikotoka, haituambii linakokaa leo. Mdaiwa hawezi kumwendea mdai wake na kusema, Nimekutuliza kwa maneno mazuri, basi nimekulipa, maana hivyo ndivyo neno lilivyokuwa zamani. Atapelekwa barazani! Ajuaye asili peke yake hukosea kama akosavyo ajuaye matumizi ya leo peke yake. Yatupasa kuyashika yote mawili.

Wazazi wengi huulizwa na watoto wao, Mbona Kiingereza hakina kanuni? Mbona "go" huwa "went" jana, yasifanane hata herufi moja? Mtoto asemaye "goed" hachezi. Amefuata kanuni kwa akili yake, ila hajaelezwa historia. Zamani "go" lilikuwa na wakati wake uliopita, "eode", likapotea. Pengo likazibwa na neno la jirani, "wend", yaani kushika njia, ambalo wakati wake uliopita ulikuwa "went". Jirani alikopesha nguo, haikurudishwa tena.

Na kitenzi cha kuwa kimeshonwa kwa vipande vitatu. "Is" chatoka katika mzizi wa kuwapo. "Be" katika mzizi wa kukua na kutokea. "Was" katika mzizi wa kukaa mahali. Mizizi hiyo haikuanzia Uingereza, kwa maana imo pia katika Kisanskriti cha Uhindini. Mwaka 1786 William Jones, aliyekuwa hakimu huko Calcutta, aliwaambia wenzake ya kuwa Kisanskriti, Kiyunani na Kilatini zafanana mno, katika mizizi ya vitenzi na katika sarufi, hata haiwezekani kuwa ni bahati tu. Lazima zimetoka katika chimbuko moja. Basi mtoto asemapo "is" ameshika uzi mrefu sana. Naye asidhani ya kuwa sisi twamzidi Mwingereza kwa unyofu. Twasema "yeye ni mwalimu", kisha "alikuwa mwalimu"; "ni" na "kuwa" yafanana wapi? Na mtoto akisema "kuja hapa", si twamwambia aseme "njoo"?

Yamebaki maneno ya shuleni. "Write", kuandika, hapo kale lilikuwa kukwaruza na kuchora, kwa kuwa watu wale walichonga alama zao katika mti na jiwe. "Read", kusoma, lilikuwa kutoa shauri na kufumbua fumbo. Na neno la Kiingereza la kitendawili latoka huko huko. "Teach", kufundisha, lilikuwa kuonyesha. Na "learn", kujifunza, mzizi wake ni alama za njia, kufuata nyayo. Na Kiswahili je? Kuandika kwetu ni kupanga vitu kwa taratibu, ndiyo maana twasema kuandika meza. Mwingereza alitazama chuma kikikwaruza. Mswahili alitazama mistari ikipangwa safu kwa safu. Kazi moja, macho mawili.

Basi, msomaji mpendwa, ukae na mambo matatu. La kwanza, ukisoma kitabu au hati ya Kiingereza, tazama kwanza mwaka wake, ndipo uamue maana ya maneno yake. La pili, sentensi ikikuonyesha jambo la ajabu, usimlaumu mwandishi upesi. Lichunguze neno dogo ulilodhani walijua. Kamusi kubwa ya Oxford ilianza kutolewa kwa sehemu mwaka 1884, ikatimia mwaka 1928, baada ya mhariri wake James Murray kufariki mwaka 1915. Na katika kamusi hiyo ilipotimia, neno lililochukua nafasi kubwa kuliko yote halikuwa neno refu la wataalamu, bali lilikuwa "set", lenye herufi tatu. La tatu, mtoto akikosea kitenzi usimcheke. Mweleze habari yake, naye hatasahau.

Na jioni moja, chakula kikiisha kuondolewa, wakusanye watoto. Kila mmoja ataje vitenzi kumi vya Kiswahili, mvikanushe kimoja kimoja mkitazama mkia. Mtawaona wenyeji na wageni wameketi mkeka mmoja, wala hakuna amwambiaye mwenzake aondoke.

Wasalaam.