Majeruhi wa moto usoni huhitaji zaidi ya bendeji

LORI la petroli lilipolipuka Sachangwan, karibu na Molo, Januari 31, 2009, taifa lilihesabu maiti. Likahesabu tena Septemba 12, 2011, mafuta yaliyovuja kutoka kwa bomba yalipowaka katika kitongoji cha Sinai, Nairobi. Kila mkasa uliua zaidi ya watu 100. Ni nadra, hata hivyo, kusikia habari za manusura waliorejea nyumbani na nyuso ambazo hata jamaa zao walitatizika kuzitambua.

Wala si mikasa mikubwa pekee inayounguza nyuso. Kuna mtoto aliyejivutia sufuria ya chai, mgonjwa wa kifafa aliyeangukia mafiga, na mama aliyelipukiwa na stovu ya mafuta taa.

Kwa daktari, kidonda kikishafunga na hatari ya maambukizi ikapita, mgonjwa amepona na kitanda chake kinahitajika. Kwa mgonjwa, hapo ndipo dhiki nyingine inapoanza. Kovu la moto halitulii upesi. Huweza kuvimba, kukakamaa na kujikunja kwa mwaka mmoja au zaidi, likivuta kope hadi jicho lisifumbe, au pembe ya mdomo hadi chakula kimwagike. Mtu aliyeambiwa amepona hutazama kioo miezi sita baadaye na kujiona akizidi kuharibika.

Wengi hudhani kwamba ukubwa wa kovu ndio kipimo cha huzuni. Watafiti wa saikolojia wamebaini kuwa uhusiano huo ni dhaifu. Mwenye alama ndogo shavuni aweza kujifungia chumbani, ilhali mwenzake aliyeungua uso mzima amerudi sokoni kuuza nyanya. Jambo moja linalowatofautisha ni jinsi walivyopokelewa. Kiti kilicho kando yake katika matatu hubaki kitupu. Mwajiri humwambia nafasi imejaa kabla hajafungua bahasha yake ya vyeti. Kisha kuna yule anayemhurumia kwa sauti, akisema alikuwa mrembo kweli; huyo pengine ndiye anayeumiza zaidi.

Hili lilieleweka kwingineko zamani. Wakati wa Vita Vikuu vya Pili vya Dunia, daktari Archibald McIndoe aliwatibu marubani walioungua nyuso katika mji wa East Grinstead, Uingereza. Hakuishia kwenye upasuaji. Wakazi waliombwa wawapokee bila kuwakodolea macho, nao wagonjwa wakahimizwa kutembea mjini hata kabla ya matibabu kukamilika. Mnamo 1941 waliunda chama chao wenyewe, kilichodumu miongo mingi.

Humu nchini, madaktari wa kurekebisha maumbile ni wachache na aghalabu wako Nairobi na miji mingine mikubwa. Upungufu huo hautaisha kesho. Lakini ushauri nasaha hauhitaji chumba cha upasuaji, na bado mara nyingi huachiwa familia na kanisa. Karatasi ya kumruhusu mgonjwa aende nyumbani ingeweza kuwa na tarehe ya kumwona mshauri, kando ya ile ya kubadilisha bendeji. Naye mwalimu mkuu hahitaji bajeti ili azungumze na darasa siku moja kabla ya mwanafunzi aliyeungua kurejea shuleni.