Programu Inajua Kosa, Basi Iliseme

Wapo wanaotaka ujumbe wa hitilafu za vyeti vya usalama vya tovuti ubaki ulivyo. Zipimeni hoja zao kwa ushahidi.

Wanasema onyo moja la jumla linatosha, kwa kuwa kila hitilafu yaweza kuwa shambulio. Yaweza, ndiyo. Lakini mwaka 2017 watafiti wa Google walichambua hitilafu hizo kwenye kivinjari cha Chrome, wakakuta zaidi ya nusu zinatokana na kifaa cha mtumiaji au mtandao wake. Saa iliyokosea ni chanzo kimojawapo. Simu ikizimika Newala, mkoani Mtwara, ikawaka na tarehe ya miaka ya nyuma, cheti kilichotolewa juzi huonekana hakijaanza kutumika. Dawa ni kurekebisha tarehe. Chrome ina ukurasa maalumu wa kumwambia mtu hivyo. Kwa hiyo jambo hili linawezekana, na programu inayoandika tu “hitilafu ya mtandao” haina udhuru.

Wanasema pia kwamba watu hawasomi. Kisha wao hao wanaonya kwamba maelezo yakiwa wazi, watu watajifunza njia ya kulikwepa onyo. Asiyesoma atajifunzaje kwa kusoma? Wachague moja. Wanautaja utafiti wa Google wa mwaka 2015, ambao waandishi wake walikiri kwamba onyo jipya walilobuni halikueleweka walivyokusudia. Ni kweli. Wanachoacha kutaja ni kwamba kwa onyo hilohilo, walioamua kubaki salama waliongezeka kwa karibu asilimia 30 ya watumiaji wote. Onyo likibadilishwa, uamuzi wa mtu hubadilika.

Hoja inayoniudhi zaidi ni ile ya kwamba mambo haya ni mazito mno kwa mkulima. Masasi na Newala wakulima wa korosho wanauza kwa mfumo wa stakabadhi ghalani tangu mwaka 2007. Wanajua stakabadhi isiyo na jina sahihi, mtoaji anayetambulika na tarehe halali ina kasoro. Cheti cha tovuti hukaguliwa kwa mambo hayohayo matatu. Kilichokosekana ni sentensi ya Kiswahili inayotaja lipi limeshindikana na mtu afanye nini.

Programu inapokataa cheti, tayari imeshajua sababu. Watengenezaji, iandikeni kwa Kiswahili, juu kabisa ya ujumbe.