Njia ya Mwadingusha: mafuta yakipanda kwenye joje, hiyo si baraka

MWADINGUSHA (LIKASI) – Kuna neno ambalo mashofere wa motokari za mazuti wanalisema kwa majivuno: "Motere yangu haili mafuta." Joje inavutwa, inapanguswa kwa kitambaa, inarudishwa, inavutwa tena. Mafuta yako pale pale, ao hata yamepita alama ya juu. Shofere anacheka. Patroni anafurahi kwa sababu leo hatanunua bidoni. Abiria wanapandishwa juu ya magunia na safari inaanza. Hakuna anayeuliza swali ambalo mtoto mdogo angeuliza: mafuta yanaongezekaje ndani ya motere iliyofungwa, kama hakuna mtu aliyeyamwaga?

Jibu ni kwamba yale si mafuta peke yake. Ni mafuta yaliyochanganyika na mazuti. Na motere inayozungushwa na mchanganyiko huo inakwenda kufa, hata kama leo inaimba vizuri.

Mambo haya hayakuwako zamani, na ndiyo maana watu wengi wanadanganyika. Land Cruiser ya motere 1HZ, ile ambayo kila fundi wa Likasi anaweza kuifungua akiwa amefumba macho, haina kompyuta ya kupima masizi wala kichujio kwenye bomba la moshi. Masizi yanatoka nje, yanachafua shati la mwenye baiskeli, basi. Lakini motokari nyingi zinazoingia sasa kutoka Japani kupitia Dar es Salaam na Kasumbalesa, ao zinazoletwa kutoka Ulaya, zina kichujio cha masizi, kile mafundi wanachokiita FAP. Hiace za miaka ya karibuni zinacho, Isuzu Elf zinacho, Canter zinacho.

Kichujio hicho kikijaa, kinapaswa kujisafisha kwa moto. Kompyuta inaamuru injekteri zitupe mazuti ya ziada kwa kuchelewa, wakati mlipuko ndani ya silinda umekwisha. Mazuti hayo yanakwenda kuwaka huko mbele, kwenye bomba la moshi, mpaka joto linafika karibu digri 600 na masizi yanaungua. Shida ni kwamba si mazuti yote yanayofika huko. Mengine yanabaki kwenye ukuta wa silinda, yanapita kando ya pete za pistoni na kushuka kwenye karteri, kule mafuta yanakolala. Esanse ikishuka pale, joto la motere linaifukuza kama mvuke. Mazuti ni mazito zaidi. Yakiingia, mengi yanabaki.

Kwenye njia ya lami, motokari ikikimbia vizuri kwa dakika 15 ao 20, kazi ya kusafisha inamalizika na mazuti yanayopotea ni machache. Sasa iwekwe motokari hiyo hiyo kwenye kilomita zaidi ya 70 za kutoka Likasi mpaka Mwadingusha wakati wa mvua. Shimo, breki. Matope, abiria washuke. Barieri, motere inaachwa ikiwaka. Gunia la makala linapakiwa, motere bado inawaka. Kompyuta inaanza kusafisha, inakatizwa, inaanza tena kutoka mwanzo, inakatizwa tena. Kila mara inapoanza, mazuti mengine yanashuka kwenye karteri. Motokari inaweza kufanya juma zima bila kumaliza kazi hata mara moja.

Watengenezaji wenyewe wanajua. Mazda waliweka kwenye joje ya motere zao za mazuti alama ya X, juu ya alama ya kujaa. Maana yake ni kwamba mafuta yakipanda mpaka pale, yamwagwe yote, hata kama kilomita hazijatimia. Kama kampuni iliyochora motere imeona ni lazima kuandika hivyo kwenye chuma, patroni wa Kikula ao wa Panda anapata wapi ujasiri wa kuita mafuta yanayopanda "motere nzima"?

Tena kuna hizo kilomita zenyewe. "Kitabu kinasema vidanje kila kilomita 20,000," patroni anajibu, na wengine wenye motokari za Ulaya wanataja 30,000. Hesabu hiyo ni ya njia ya wengine. Anayekimbia kilomita 100 kwa saa anamaliza kilomita 10,000 kwa saa 100 za motere. Anayetambaa kilomita 20 kwa saa kuelekea Mwadingusha anatumia saa 500 kwa kilomita zile zile. Ni motokari moja, kilomita ni zile zile, na kazi ni mara tano. Mwenye jenereta hawezi kudanganyika hivyo, kwa sababu jenereta haina kilomita. Inahesabiwa saa, na jenereta nyingi za mazuti zinabadilishwa mafuta kila saa 250. Saa 250 kwa mwendo wa kilomita 20 ni kilomita 5,000. Hapo ndipo vidanje ya njia hii inapopaswa kuwa, na kwa motokari yenye FAP hata mapema kuliko hapo joje ikianza kupanda.

Na kitabu hakikudanganya. Vitabu vya motokari karibu vyote vina ukurasa wa mazingira magumu: vumbi, mizigo mizito, safari fupi, kusimama muda mrefu motere ikiwaka. Huko vidanje inakatwa nusu ao zaidi. Ni picha kamili ya Likasi na Mwadingusha. Lakini kitabu cha Hiace iliyotoka Japani kimeandikwa Kijapani, kama hakikubaki Yokohama, na ukurasa ambao patroni ameusikia ni ule mmoja unaomfurahisha.

Halafu kuna dawa ya garaji: "Tuitoboe FAP, shida iishe." Bomba linakatwa, kichujio kinachimbwa kwa nondo, ganda tupu linachomelewa tena mahali pake. Motokari inavuta vizuri siku ile na fundi analipwa. Lakini nani aliyeiambia kompyuta? Kompyuta nyingi hazingoji kichujio kijae kweli. Zinakadiria masizi pia kwa kilomita na kwa mazuti yaliyotumika. Zikifika hesabu yao, zinaendelea kutupa mazuti ya kusafisha kichujio ambacho hakipo. Kwa hiyo mwenye motokari amelipa ili FAP itoke, na mazuti yanaendelea kuingia kwenye mafuta yake kama zamani, ila sasa hakuna taa itakayomwonya na watoto wa kandokando ya njia wanavuta masizi yote. Kazi ya namna hiyo ikiitwa ufundi, neno ufundi limepoteza maana.

Ni kweli, na lazima isemwe, kwamba FAP si malaika. Huko Australia, kwenye barabara nzuri kuliko hizi, Mahakama ya Shirikisho iliamua mwaka 2022 kwamba Hilux, Prado na Fortuner za mazuti zaidi ya 260,000, zilizouzwa kati ya 2015 na 2020, zilikuwa na mfumo wa FAP wenye kasoro. Basi anayenunua motokari ya namna hiyo kwa njia ya Mwadingusha anunue akijua anachokinunua. Kununua kifaa cha shida kisha kukinyima hata mafuta safi, hilo halina utetezi.

Sababu ya kweli inajulikana na kila shofere: verseman. Patroni anataka pesa yake kila jioni, mvua inyeshe, motokari ilale njiani, haimhusu. Vidanje ni siku moja bila verseman pamoja na bei ya bidoni na filtre. Shofere anayeomba anaambiwa angojee mwisho wa mwezi. Mwisho wa mwezi anaambiwa aongeze lita moja tu juu ya yale ya zamani. Ao anatumwa kununua mafuta yasiyo na jina, yaliyomiminwa kwenye chupa za maji kandokando ya njia, wakati motokari yenye FAP inahitaji mafuta yaliyoandikwa C3, na kwa zile za Japani DL-1 ao DH-2, kwa sababu mengine yanaacha jivu linaloziba kichujio. Bidoni moja inaonekana ghali mpaka siku turbo inapovunjika. Turbo inazunguka zaidi ya mara laki moja kwa dakika ikielea juu ya utando mwembamba wa mafuta, na mazuti hayawezi kufanya utando huo. Wengine wamefika mbali zaidi: mafuta yamepanda sana, motere inaanza kunywa mafuta yake yenyewe, inakimbia bila kukanyagwa na haizimi hata ufunguo ukitolewa.

Lakini patroni anapoteza chuma tu. Kuna wengine wanaopoteza vingine. Mama aliyenunua samaki wa ziwa Tshangalele asubuhi ili auze Likasi, akilala njiani, samaki wake hawamngojei. Mwanamke mwenye uchungu wa kuzaa hawezi kungojea motokari nyingine ipite kesho. Na familia zilizokimbia vita upande wa Mitwaba, Pweto na Manono, zenye watoto na mizigo yote iliyobaki ya maisha yao juu ya motokari moja, zimelipa nafasi kabla ya kupanda. Motere ikifia porini, ni nadra mtu kurudishiwa pesa yake. Anayekimbia vita amekwisha kuacha nyumba na shamba. Haifai aachwe tena kwenye matope kwa sababu ya bidoni moja.

Mapatroni wa Mwadingusha wana mfano mbele ya macho yao. Kituo cha umeme kwenye maporomoko ya Lufira kilianza kazi mwaka 1930. Mashine zake zilichoka, zikatengenezwa upya, na mwaka 2021 kituo kikarudi kwenye mtandao. Hakuna mtu huko anayengojea mashine ipige kelele ndipo akumbuke mafuta yake.

Abiria naye asikae kimya, maana ana haki kabla ya kutoa pesa. Amwombe shofere avute joje mbele ya watu. Yakipita alama ya juu, aulize. Yakinuka mazuti, ashuke. Yakiwa meupe kama maziwa, hayo ni maji, ugonjwa mwingine, na ashuke vilevile. Tone moja la mafuta ya moto kwenye karatasi nyeupe linasema mengi: duara jeusi katikati, na pembeni yake pete nyepesi inayotambaa mbali, ni alama ya mazuti. Joje tulivu pia isiaminiwe haraka. Motere ya zamani inaweza kuchoma lita moja ya mafuta na kupokea lita moja ya mazuti, na joje ikabaki pale pale miezi mitatu. Kwa motere ya lita 6, asilimia 5 ambayo maabara huihesabu kuwa hatari ni sentilita 30 tu, chupa moja ndogo ya sukre.

Kwa hiyo swali la kwanza kwa shofere liwe hili: vidanje ya mwisho ilifanywa tarehe gani, kwenye kilomita ngapi? Fundi mwenye heshima anaandika namba hizo mbili kwenye kipande cha plasta na kukibandika chini ya kapo. Kama hakuna plasta, abiria watazame motokari inayofuata kwenye mstari.