Shukrani zetu zisiishie kwenye meza kuu

Wahenga walinena kuwa shukrani ya punda ni mateke. Kwa miaka mingi nimeitumia methali hii kuwasuta wengine. Juzi nilitambua kwamba punda huyo ni mimi mwenyewe.

Nilikuwa nimealikwa katika Misa ya shukrani kwenye shule ya bweni niliyosomea, mojawapo ya shule nyingi zinazodhaminiwa na Kanisa Katoliki humu nchini. Baada ya Misa nilipewa kipaza sauti niwashukuru wageni kwa niaba ya wanafunzi wa zamani. Nilimshukuru Baba Askofu, mapadri, watawa, mbunge, mwalimu mkuu na wazazi waliochangia ujenzi wa bweni jipya. Nilipigiwa makofi.

Nilipokuwa nikiondoka, mpishi wa shule alinipa mkono mlangoni mwa jikoni. "Mwanangu, umesema vizuri," akaniambia. Nilishindwa kumtazama usoni. Nikiwa kidato cha pili nilifukuzwa kwa kukosa karo, nikarejea mikono mitupu. Jina langu halikuwa katika orodha ya chakula. Mzee huyu, ambaye enzi hizo alikuwa kijana, alinipakulia githeri kwa wiki mbili bila kuniuliza swali lolote.

Linaloniuma zaidi ni kwamba nilimsahau muda mfupi tu baada ya kutoka altareni. Neno Ekaristi lenyewe latokana na neno la Kigiriki lenye maana ya kushukuru. Isitoshe, kila mwanafunzi wa shule za aina hii hufunzwa kisa cha wakoma kumi katika Injili ya Luka. Wote waliponywa, lakini aliyerudi kushukuru ni mmoja tu, tena Msamaria. Siku hiyo mimi nilikuwa miongoni mwa wale tisa.

Kunao watakaosema kwamba mpishi hulipwa mshahara, kwa hivyo hatumdai wala hatudai. Sikubaliani nao. Mshahara ulilipia kazi ya kupika; haukulipia huruma aliyomwonyesha mtoto wa maskini. Na mshahara wenyewe si wa kutegemewa. Wapishi, walinzi na wafanyakazi wengine walioajiriwa na bodi za shule hulipwa kutokana na fedha za shule. Mgao wa serikali unapochelewa au karo isipolipwa, aghalabu wao ndio huambiwa wasubiri. Twawezaje kuimba nyimbo za shukrani huku aliyetulisha akidai ujira wa miezi iliyopita?

Hata hivyo, inafaa ieleweke kwamba shukrani si kufunga mdomo. Si haki mwanafunzi anayesaidiwa karo aambiwe asilalamike kuhusu chakula kibovu au kiboko, eti kwa kuwa amefadhiliwa. Huko ni kuugeuza wema kuwa deni. Hayati Profesa Wangari Maathai alilelewa na watawa katika shule ya Mtakatifu Cecilia huko Mathari, Nyeri, kisha akasoma Loreto Limuru hadi 1959. Katika kitabu chake cha mwaka wa 2006, Unbowed, aliwakumbuka watawa hao kwa heshima. Lakini mwaka wa 1989, mipango ya kujenga jumba refu katika bustani ya Uhuru ilipotangazwa, hakunyamaza. Alishukuru kwa moyo wote na kusema ukweli bila woga.

Kwa hivyo natoa wito kwa bodi za shule, wadhamini na hasa wanafunzi wenzangu wa zamani. Kabla ya kuchangia lango jingine lenye majina yetu, tuulize kama wafanyakazi wamelipwa na kama akiba yao ya uzeeni inapelekwa inakostahili. Watoto nao wafunzwe kumwambia mpishi ahsante sahani inapopokelewa, wala si siku ya wageni pekee. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni.

Nami sina budi kuanza. Jumamosi ijayo nitarudi shuleni. Sitaketi kwenye meza kuu wala sitahitaji kipaza sauti. Nitaingia jikoni.